Kiwanda Ilianza, Jua Kali Ikamaliza

Wasee wa Nairobi wakiskia baiske, kichwani inakuja helmeti, kaptura ya kubana na Karura Jumapili asubuhi. Huku Bungoma na Kitale baiske ni ofisi. Ni matatu ya mathee akitoka soko, ni lori ya kabichi, ni tenki ya maziwa, na usiku ikibidi ni ambulensi. Na hakuna msee hutoa hiyo ofisi dukani ikiwa bado na karatasi kwa fremu alafu anaanza kazi siku hiyo hiyo. Kwanza inapitia kwa fundi wa chuma.

Cheki baiske ya Black Mamba ikiwa imesimama dukani. Rangi nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, stendi, na keria kadogo kwa nyuma kenye kilidizainiwa kibebe briefkesi ya karani. Sasa enda steji ya Kanduyi ucheki ndugu yake amefanya kazi miaka kadhaa. Keria imekuwa meza ya nondo. Kutoka kwa keria vyuma viwili vimeshuka mpaka kwa eksili. Foku ya mbele imeongezwa miguu ingine. Stendi imekuwa pana ya kusimamisha gunia. Abiria amepewa mahali pa kukanyaga na kachuma ka kushika nyuma ya siti ya dere. Hizo vitu zote hazikutoka India wala China. Ziliundwa hapa hapa, kwa nyundo, kwa macho, na kwa mchoro wa choki kwa simiti.

Mimi naona hivi: kila chuma imeongezwa hapo, iliongezwa juu kuna kitu iliwahi vunjika mahali hapo. Ukijua kusoma hizo vyuma, unasoma historia ya barabara, ya mzigo na ya msee mwenyewe. Fundi mkali hakuulizi unataka nini. Anainama, anapitisha kidole kwa maungio, anaanza kukuambia vile wewe huendesha.

Stori ya boda si ya jana. Wasee walianza kubeba watu na mizigo kwa baiske pale mpakani Busia miaka ya sitini, wakiwavusha kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Ikasambaa Western yote, ikapanda mpaka Kitale. Alafu 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, nduthi zikamwagika, na abiria wengi wakahama. Mafundi wengi nao wakahama na wateja, saa hii mkate wao ni keria na krashgadi za nduthi. Lakini baiske haikufa. Haitaki petroli, haitaki leseni, na karao hana sana stori nayo. Ilibaki na mizigo, na ile safari fupi ya kutoka steji mpaka keja.

Na huku mizigo haina adabu. Gunia ya mahindi ni kilo 90. Weka dere wa kilo 65, weka baiske yenyewe ya kilo 20 na ushee, na bado hujapita kwa shimo hata moja. Buffalo, ile baiske ya World Bicycle Relief imeundwa makusudi juu ya barabara zetu, keria yake imepimiwa kilo 100, na hiyo ndio inaitwa ngumu. Keria ya kawaida ya Mamba hata isikuje kwa hiyo mjadala. Na ni nani huku hubeba gunia moja tu akiona bado kuna nafasi ya kuku wawili juu?

Shida ya keria ya kiwanda iko kwa hesabu. Zingine zimeshikwa tu na kabolti kadogo kwa zile paipu nyembamba za nyuma, karibu na siti. Mzigo ukikaa hapo, uzito wote unaning'inia kwa hako kabolti na kwa hizo paipu. Mwezi wa kwanza bolti inakatika. Ukibadilisha bolti, paipu inaanza crack. Kenye fundi wa Bungoma hufanya ni kuteremsha miguu ya keria mpaka kwa eksili ya nyuma, ndio uzito utoke kwa gunia uende straight kwa gurudumu, fremu ibaki na kazi yake ya kushikanisha mambo. Injinia wa chuo angekuchorea mishale na herufi za Kigiriki. Huyu anakuambia tu, "Mzigo ikanyage chini, isikanyage baiske." Ni somo ile ile.

Materio ni ya hadwea ama ya skrapu. Nondo ya milimita 8 ama 10 ndio favorite, na iko na sababu: yale mashipa yake yanashika blada za kufungia mzigo vizuri, mzigo hauserereki. Raundibaa laini inapendwa na wasee wa luku juu inang'aa ukipiga msasa. Flatibaa ni ya mabano na vishikio. Kukunja nondo hauhitaji mashini. Unahitaji pini mbili zimechomewa kwa bamba nene, paipu ndefu ya kuongeza nguvu, na msee ako na mgongo. Fuawe mara nyingi ni kipande cha reli, na reli ilifika Kitale 1926, kwa hivyo usiulize sana hicho kipande kilitoka laini gani. Mimi nilikoma kuuliza.

Nondo lakini iko na tabia mbaya ya kichinichini. Ni ngumu kuliko chuma ya kawaida, na ukiichoma alafu umwagie maji ndio ipoe haraka, pale karibu na weldi inakuwa kama glasi. Utaenda nayo poa wiki mbili, siku ya tatu ya mvua inakatika paap bila hata kupinda. Fundi akishika kopo la maji baada ya kuchoma keria yako, mshike mkono. "Fundi, wacha ipoe mos mos, niko na time." Atakucheki vibaya. Wacha akucheke.

Sasa tufike kwa ngori yenyewe, fremu.

Fremu ya Mamba haijaweldiwa. Ukiangalia pale paipu zinakutana, utaona kuna vikombe vya chuma, lagi, paipu zimeingia ndani yake, alafu shaba ikayeyushwa ikajaza ule mwanya kati yao. Shaba ya aina hiyo inayeyuka kwa joto la kama digrii 900. Chuma inataka kama 1,500. Kwa hivyo wakati wa kuunganisha, paipu haiyeyuki kabisa, inakuwa tu nyekundu, shaba inakimbia ndani yenyewe kama maji yanafuata nyufa, na mambo ikipoa inashikana bila kuumiza paipu.

Stima ya welding ni mnyama mwingine. Inayeyusha chuma yenyewe. Ukuta wa paipu ya baiske ni milimita moja na kitu, na elektrodi ya kawaida ya kupiga geti ni milimita 2.5. Yaani chombo ni kinene kushinda kenye kinachomwa. Msee wa mageti akikupigia hapo, moja kati ya mambo mawili inafanyika: anatoboa shimo, alafu anajaza, anatoboa tena, anajaza tena, mpaka shingo ya baiske inakaa imevimba, ama anaogopa, anapunguza moto, weldi inakaa juu juu, inapendeza, haijashika kitu. Zote mbili zitakuangusha. Tofauti ni siku tu.

Ndio maana kama fremu imekatika, tafuta mzee wa gesi. Wako wachache, na wengi utawapata kando ya wasee wa kunyoosha bodi za magari, juu hao ndio bado hutumia gesi kila siku. Wengine hununua mitungi, wengine hujitengenezea asetilini kwa kumwagia kabaidi maji ndani ya drum. Hiyo drum heshimu. Usivute fegi karibu nayo, na usiegemee ukichati. Gesi ya kabaidi ikipata hewa na cheche, hakuna msee wa kuhadithia.

Mzee wa gesi kwanza anasugua kila kitu. Rangi yote itoke, kutu itoke, mafuta yatoke. Hapa ndio utajua kama ni fundi ama ni mwigo: mwigo anawasha moto kabla ya tupa. Alafu anafunga fremu isipinde, anaweka poda ya boraksi, anapasha paipu na lagi pamoja mpaka rangi ya nyanya imeiva, ndio analetea fimbo ya shaba. Haichomi hiyo fimbo kwa moto moja kwa moja. Anaigusisha kwa chuma, na chuma ndio inaiyeyusha. Kama lagi yenyewe imepasuka, anaunda ingine: anakata kipande cha paipu pana, anakifungua, anakizungushia paipu ya fremu, anakipiga kwa fuawe mpaka kikae bila mwanya, ndio anakijaza shaba. Baada ya hapo ni tupa tena. Tupa, tupa, tupa, mpaka ukipitisha kidole hauskii mahali ya zamani imeisha na mpya imeanza.

Mulembe za hapo huwa fupi.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, papa. Hii shingo ilichomwa na nani?"

"Kuna boi wa mageti, pale kwa steji."

"Hm. Kwanza nitoe uchafu yake. Hiyo nitakucharge kando."

Na anacharge kweli. Kutoa weldi mbaya ni kazi kuliko kuunga mpya, na shaba haishiki mahali ambapo kuna masalio ya elektrodi. Mayut wengi hufikiria mzee ana wivu na vijana wa stima. Labda anayo kidogo. Lakini kwa hii, ako right.

Huko Kitale mambo iko na ladha ingine. Mji uko kama mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma iko kama 1,400, na ukitoka Kitale ukishukia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye na maziwa kwa keria, utajua kwa nini wasee wanaongelea breki kama dini. Zile breki za vyuma za Mamba ziko na viungo vingi vidogo, na kila kiungo kikilegea kidogo, ukivuta hapa juu, huko chini hakuna kitu inafika. Mafundi huunda hivyo viungo upya kwa bamba na misumari minene, wanatoboa, wanapiga tupa. Kota za krenki ni hivyo hivyo. Ile pini inashikilia krenki kwa eksili ya katikati hata ikiwa mpya lazima ipigwe tupa upande mmoja, ulalo wake ulingane na mwingine, la sivyo pedeli moja inakuwa mbele ya ingine na goti linaanza kulia. Kuna boi anaweza kukulinganishia kota kwa dakika chache bila kupima na kitu. Huyo mpe soda juu ya bei.

Alafu kuna baiske za mtumba, hizi mauntini zenye gia zimeshuka kutoka majuu. Mayut wanazipenda, na mimi pia nazipenda, usinielewe vibaya. Lakini nyingi fremu ni aluminiamu, na hapo fundi wa elektrodi ya kawaida amefika mwisho wa barabara. Na kitu ya kwanza kuvunjika huwa hata si fremu. Ni kale kamkono kadogo kanashikilia mashini ya gia kwa nyuma, hanga. Kila kampuni iko na shepu yake, na spea hakuna. Ukiingia duka uulize, unaonyeshwa taya.

Kazi ya kuunda hanga ndio ilinifanya niheshimu hii hasol. Fundi anachukua vipande vya ile imevunjika, anavipanga kwa flatibaa, anachora na msumari. Anakata na msumeno wa chuma, anatoboa, anapiga tupa mpaka ikae kwa fremu bila kucheza. Mpaka hapo ni uvumilivu tu. Ngori ni lile shimo la uzi. Gia inataka uzi wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 1, mwembamba, na ile tepu iko kila hadwea ni ya hatua ya 1.5. Ukilazimisha, umeua gia. Kwa hivyo mjanja anatafuta fremu ya chuma imekufa yenye ilikuwa na gia, anakata lile sikio lake lenye uzi tayari, analichomea kwa flatibaa yake. Kichwa ya mtu aliyekufa kwa mwili mpya, na inafanya kazi.

Na hapa nawapatia onyo moja ya bure. Hanga ya kiwanda iliundwa iwe dhaifu makusudi. Ukianguka, ipinde yenyewe iokoe fremu na gia. Hanga ya chuma ya jua kali haitapinda. Siku utagonga jiwe, itavunja kitu ingine, na kwa fremu ya aluminiamu hicho kitu ni fremu. Kwa hivyo mwambie fundi aipunguze unene pale katikati. Wengi hawapendi kuskia hivyo, juu fundi wa huku amezoea kusifiwa kwa kuunda kitu haivunjiki. Mbembeleze.

Kuna kazi zingine za fremu zenye haziingiangi kwa picha za Insta. Wale wasee wa kunoa visu: baiske inapandishwa kwa stendi yenye gurudumu la nyuma liko hewani, kwa keria kumefungwa jiwe la kunoa, mkanda unapanda, na msee anapiga pedeli akiwa ameketi hapo hapo. Kila moja imeundwa kivyake, juu hakuna kiwanda inauza hiyo kitu. Ukishuka mpaka Malaba na Busia, utaona zile baiske za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono, za wafanyibiashara wenye ulemavu, wamekuwa wakivusha bidhaa mpakani miaka mingi. APDK, ile shirika ya watu wenye ulemavu ya tangu 1958, huunda zake Nairobi. Lakini zile za mpakani zimepanuliwa na kuongezwa madungu mpaka zinabeba mzigo wa pikapu. Kuona cheni imepandishwa kutoka kwa magurudumu mpaka kwa kifua cha dere, ikiwa straight na haitoki, ni kuona msee anajua jometri hata kama alimwacha odijo darasa la sita.

Hizi vitu zote hutegemea skrapu, na skrapu iko na siasa yake. Januari 2022 nguzo za laini ya stima ya Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, nchi ikaingia giza, na baada ya siku chache rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu juu ya waharibifu. Marufuku iliondolewa Mei. Wakubwa walikuwa wanafikiria transfoma na magadireli. Hakuna mtu alifikiria msee wa Kitale anayetafuta sikio la fremu iliyokufa.

Doo sasa. Fundi wa huku hajui kujiuza, na hii inaniuma kuliko kitu yote. London kulikuwa na jamaa wanaitwa Hetchins. Walikuwa wanakata lagi zao kwa maua maua, kwa mkono na tupa, na leo hizo baiske zinatafutwa na wakusanyaji kama sanaa. Sisemi keria ya nondo ni Hetchins. Nasema lagi imeundwa kwa kipande cha paipu ikapigwa tupa mpaka ikapotea machoni ni kazi ya mkono wa aina hiyo hiyo, na huyu wa kwetu analipwa Jirongo, mia tano tu, na anaombwa apunguze. Geti lake liko na jina na namba ya simu imechomewa kwa herufi kubwa. Baiske haina hata alama. Piga muhuri, mzee. Herufi mbili tu chini ya krenki. Kesho msee wa Webuye akiona, atajua pa kukutafuta.

Na makaratasi pia. Kuna trade test za NITA, gredi ya 3 mpaka ya 1, zenye msee anaweza fanya na ujuzi wake wa mtaani bila kukaa chuo. Kitale National Polytechnic iko hapo mjini, Sang'alo iko Bungoma. Cheti haitakufunza kusikiza shaba. Lakini tenda za kaunti hazisomi mikono, zinasoma karatasi.

Wale wa luku, najua mmengoja. Ndio, unaweza undiwa hendeli ndefu za kurudi nyuma, bakresti ya mapambo yenye jina la manzi, mahali pa spika, pa simu, pa bendera ya Ingwe. Zimejaa steji na zinabamba. Sheria ni moja: vitu vya luku vifungwe kwa bolti na mabano, visichomewe kwa fremu. Kila mahali umechoma fremu juu ya urembo, umeongeza mahali pa kukatikia, na siku utaachana na huyo manzi utahitaji grenda.

Ukienda kwa fundi, beba kile kipande kimevunjika, hata kama ni nusu. Toa mzigo na blada kabla ufike. Enda asubuhi, juu stima ikipotea mchana, wewe ndio utalala na baiske nusu. Usimwambie unataka ya bei rahisi, mwambie unabeba nini na unapita wapi, yeye ndio ajue unene. Na ikimalizika, usipake rangi siku hiyo. Piga nayo mzigo wiki moja ikiwa uchi. Kama kuna crack itajionyesha na mstari wa kutu, utaiona mapema ukiwa umesimama. Ukiharakisha rangi, utaiona ukiwa umelala Kamukuywa, kabichi zimekupita zikielekea Webuye.